Mkaguzi na Mwenzake wa Kwenye Simu

Mkaguzi hakuwa na kawaida ya kuingia darasani. Aliingia kwenye daftari. Aliweza kusafiri siku mbili juu ya lori, kutoka Lubumbashi mpaka shule yetu upande wa Kilwa, mgongo umekufa ganzi na koti limekuwa rangi ya barabara, halafu akasimama mlangoni bila kuwatazama wanafunzi na kuninyooshea kiganja. "Fiche," alisema. Hakuna habari ya safari, hakuna habari ya watu. Fiche ni karatasi ambayo mwalimu wa kwetu anaandika kila siku kabla ya somo: lengo ni nini, ataanza vipi, atauliza nini, na mtoto atajibu nini. Ndiyo, hata jibu la mtoto tunaliandika kabla mtoto mwenyewe hajaamka. Mkaguzi alilisoma jibu lile pale kwenye karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kusema kwamba mtoto amejibu vizuri.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, na jina lake silitaji. Kwanza hakuna aliyelitumia. Mke wake mwenyewe alimwita "Inspecteur" hata akimkaribisha bukari, ugali wa kwetu. Pili, nitamcheka sana humu, na mtu aliyekufundisha kazi haifai kumcheka kwa jina. Ninamwandika kwa sababu ya mstari mmoja wa wino mwekundu aliouweka chini ya jina la shule yangu. Mstari huo ulihusu vitu ambavyo wanafunzi wangu kumi na wanane wa darasa la mwisho walikuwa wakivingoja kwa roho yote: paneli za jua, kompyuta sita, na sahani ya kushika intaneti. Nitafika huko. Mkaguzi mwenyewe hakupenda mtu anayerukia hitimisho.

Mwaka mmoja upepo ulichukua nusu ya paa letu. Alitukuta mvua inanyesha upande wa kushoto wa darasa, na wanafunzi wote wamesongamana upande wa kulia kama mbuzi sokoni. Alifungua fiche yangu, akafika pale panapotajwa vifaa vya kufundishia, akakuta nimeandika "ubao".

"Ubao iko wapi?" aliuliza.

"Ile kule, Papa Inspecteur. Iko mu mvua."

"Mvua haiko mu fiche," alisema. "Ungeandika mvua, ningekuonea huruma."

Akanipa alama "nzuri" na kuondoka. Tulicheka kutwa nzima katika chumba cha walimu, ambacho nacho kilikuwa kinavuja. Baada ya wiki mbili nikagundua kwamba nimeanza kuandika mvua kwenye fiche.

Alitembea na kalamu tatu katika mfuko wa shati. Ya bluu ilikuwa ya kuandikia, ya kijani ya kusifu, na nyekundu, kama alivyosema mwenyewe, ya kuchinja. Ile ya kijani ilikaa miaka mingi bila kuisha. Alikuwa na misemo ambayo aliigawa bure mahali pasipohitajika. "Mwalimu anakufaka, fiche inabakia," alitwambia, na sisi tuliitikia ndiyo, huku mchwa wakila fiche za mwaka uliopita katika kabati nyuma yake. Mwingine ulikuwa, "Miye nilikomalia mu chemin de fer, train haingojake muntu." Baba yake alikuwa mtu wa reli, kweli. Lakini treni ya kwetu kila mtu anaijua: ndiyo inayongojwa, siku tatu, na masufuria kando.

Kuhusu zawadi alikuwa na msimamo mkali. Kila ziara ilikuwa na kuku wake, na kila kuku alikuwa na hotuba yake. Mkaguzi alisimama mbele ya wazazi na kueleza kwamba mkaguzi wa serikali hanunuliwi na kuku, kwamba nchi imeanguka kwa sababu ya kuku, na kwamba yeye angepokea kuku leo kesho angepokea mbuzi na keshokutwa angeuza shule. Wazazi walipiga makofi. Halafu, akipanda lori, akikuta kuku amekwisha kufungwa miguu kando ya mzigo wake, hakumfungua. Alisema kufungua kuku aliyefungwa na wenyewe ni kukosa adabu.

Lakini msinisikilize mimi tu, maana nina kinyongo. Mtu huyohuyo, mwaka ambao daraja lilivunjika katikati ya masika, alishuka kwenye lori lililokwama akafunga bahasha za mitihani katika plastiki, akaziweka kichwani, na kutembea siku mbili. Wakati huo alikuwa karibu na miaka sitini. Mto aliuvuka maji yakiwa kifuani, bahasha ameziinua kwa mikono miwili. Alifika kwetu miguu imevimba, viatu vimefumuka, na bahasha kavu kabisa. Mama mmoja jirani alimkanda miguu kwa maji ya chumvi naye Mkaguzi akakataa kuziachia bahasha hata kwa dakika moja. Nilipotaka kumshukuru, machozi yakinilenga, alitazama ukutani akaniandikia onyo kwa sababu saa ya shule ilikuwa imechelewa dakika sita. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumpenda alikuonyesha saa.

Na ndiye aliyetupatia daftari. Hapa naomba mnisikilize, maana kesi yote iko hapa. Shule yetu ilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, bila jalada na bila kurasa za mwisho, kwa hiyo hatukuwahi kujua hadithi ya mwisho ilimalizikaje. Mkaguzi alipoona hivyo, miaka mingi iliyopita, alituketisha walimu wote mchana mzima na kutuandikisha kwa imla kurasa arobaini za misemo ya kuandikia insha. Jinsi ya kuanza: "De nos jours, force est de constater que," yaani siku hizi hatuna budi kukiri kwamba. Jinsi ya kugeuka katikati: "Cependant, il sied de noter que." Jinsi ya kufunga: "Tout compte fait." Aliamuru kila mwanafunzi aijue kwa kichwa, na kila ziara alimsimamisha mmoja na kumkaririsha. Aliyekwama, mwalimu wake ndiye aliyechinjwa kwa wino. Basi tuliwaandikisha, wao wakawaandikisha wadogo zao, na daftari lile likawa maktaba yetu. Mimi pia nilikuwa kasuku, tena kasuku mkuu. Watoto wa kwetu waliokuwa hawajawahi kuona ngazi ya umeme walijua kusema "force est de constater" kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, kwa wale waliokuwa na viatu.

Simu aliichukia. Aliiita kelele ya mfukoni. Mwalimu aliyeliliwa na simu mbele yake alipewa barua ya kuomba maelezo, hata kama aliyepiga alikuwa anatangaza msiba. Halafu wakamwalika semina. Siku mbili, hoteli moja ya mjini, viti vyenye vitambaa, na mada ilikuwa akili bandia katika elimu. Aliingia pale adui akatoka muumini. Alirudi na mfuko, kalamu ya nne, na beji ya kuning'iniza shingoni, na ile beji aliivaa mpaka kanisani. Kwa majuma kadhaa padri alimpa komunyo huku jina la semina likining'inia kati yao.

Mpwa wake alimwekea ile akili kwenye simu. Mkaguzi hakuiita kwa jina lake. Aliiita Collègue, yaani mwenzake wa kazi, na aliiheshimu kuliko alivyowahi kumheshimu mwalimu yeyote wa jimbo hili. Hakuiuliza swali kavu kama wanavyofanya vijana. Aliiandikia barua. Aliweka mahali na tarehe juu, akaweka kichwa cha habari, halafu akaanza: Bwana Mwenzangu, nina heshima ya kuja mbele ya wema wako mkubwa kukuomba unijulishe idadi ya herufi za Kigiriki. Ikimjibu, alishukuru kwa barua ya pili. Mara moja aliipa kumi na mbili juu ya ishirini kwa sababu haikuacha pambizo. Akiondoka mezani aliigeuza simu kifudifudi na kutuonya kwa kidole. "Muache kelele. Collègue anapumuzika."

Tulicheka, lakini tulicheka kwa sauti ya chini. Alikwisha kupita umri wa kustaafu, ila kwetu mtu hastaafu, anasahauliwa tu, na aliyesahauliwa bado ana kalamu nyekundu.

Ndipo likaja shindano. Shirika moja la wafadhili, wageni wenye nia njema na magari mapya, walitangaza kwamba watatoa vifaa kwa shule moja ya jimbo. Kila shule ilete insha za darasa lake la mwisho, zimeandikwa kwa mkono, juu ya swali: kompyuta zitaleta nini shuleni kwenu? Shule zote zinakaribishwa, za mjini na za kijijini, kwa usawa kamili. Aliye na viatu na asiye na viatu, wote wakimbie. Wakaunda kamati mjini, na kamati ikahitaji mtaalamu wa kutambua insha za udanganyifu, zile zilizoandikwa na mashine. Nani alikuwa na beji?

Wanafunzi wangu waliandika siku tatu. Sikuwasaidia, naapa. Mwansa, msichana ambaye mama yake anakausha samaki na ambaye anataka kuwa muuguzi, aliandika kwamba zahanati yetu ina kitabu cha dawa chenye umri mkubwa kuliko yeye, na kwamba kompyuta ingemwonyesha mgonjwa wa kweli anavyotibiwa, maana mpaka sasa ameona mchoro wa moyo mmoja tu, ule niliouchora ubaoni kisha nikaufuta. Niliposoma nilikaa chini kwa muda. Ila sentensi yake ya kwanza ilianza "De nos jours, force est de constater que." Na za wenzake kumi na saba pia. Sikuona ajabu yoyote. Kwetu ndivyo insha inavyoanza, kama vile misa inavyoanza na ishara ya msalaba.

Mkaguzi alizipokea mjini, nyumbani kwake upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege, ambako mtandao ni mzuri na ndege zinapita juu ya bati. Alinusa. Insha kumi na nane, mwanzo mmoja, mgeuko mmoja, mwisho mmoja! Kwa kidole kimoja, mchana kutwa, aliichapa insha ya Mwansa kwenye simu, neno kwa neno, kisha akamwandikia Collègue barua rasmi: Bwana Mwenzangu, nina heshima ya kukuuliza kama ni wewe uliyeandika maandishi haya. Na Collègue, ambaye ni mpole na hapendi kumvunja mtu moyo, akajibu kwamba inawezekana sana, kwa kuwa mtindo wake unafanana na wa chombo kama yeye.

Insha za shule moja ya mjini zilimpendeza. Zilikuwa na makosa. Mwenzangu anayefundisha kule aliniambia baadaye, akishika mbavu, kwamba watoto wake walikuwa wameiomba mashine iwaandikie na iweke makosa mawili matatu, kisha wakanakili kwa mkono. Mkaguzi alipigia mstari wa kijani yale makosa na kuandika pembeni: hili ni jasho la mtoto. Chini ya jina letu aliandika kwa wino mwekundu: "Shule hii tayari inatumia akili bandia. Haina haja ya kupewa vifaa."

Habari ilitufikia kwa dereva wa lori, ndani ya bahasha. Niliwasomea wanafunzi kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Kisha Mwansa akainua mkono.

"Monsieur, ile machine banasema tuko nayo, iko fasi gani?"

Wawili waligeuka kutazama kabatini. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonipandisha juu ya lori siku iliyofuata.

Nilimkuta Mkaguzi barazani kwake mjini, miguu ndani ya sandali, simu mezani imelala kifudifudi. Nilimsalimia kama inavyopasa. Kisha nikamweleza kwamba kuna kosa.

"Kosa gani? Alishaitika mwenyewe!" akasema, akaigeuza simu na kunionyesha. "Muntu akiitika mwenyewe, unatafuta tena shahidi ya nini?"

"Papa Inspecteur, kule kwetu réseau ya simu haiko. Ata kidogo. Weye mwenyewe unafikaka kule, unajua."

"Ata pale ku ziwa?"

"Pale ku ziwa simu inashikaka Zambia tu. Inatwambiaka karibu mu Zambia, tuko tunasimama mu Congo."

Macho yakamwaka. "Basi iko! Ya Zambia. Monsieur, hiyo ni fraude internationale."

Udanganyifu wa kimataifa, sisi! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilifungua mfuko nikatoa daftari lenyewe, lile nililoliandika kwa mkono wangu miaka ile alipotuketisha, na chini ya kila ukurasa kuna saini yake nyekundu. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Nilingoja aibu ije. Badala yake lilikuja tabasamu, pana, la mtu aliyetajwa redioni.

"Inamaanisha," alisema, "Collègue alisoma cahier yangu."

"Papa Inspecteur, hapana. Inamaanisha batoto balisoma cahier yako. Collègue hajue ata fasi uko unaishi."

"Pengine anajua."

"Basi mupatie ile circulaire yako ya retard. Ile uliandika zamani. Muulize ni nani aliandika."

Alikataa, kisha udadisi ukamshinda. Waraka ule kuhusu walimu wanaochelewa ulikuwa fahari yake, ameuweka kwenye fremu sebuleni. Alichapa aya mbili kwa kidole chake kimoja na mimi nikanywa maji glasi tatu. Akauliza kwa heshima zote. Collègue akajibu kwamba inawezekana sana maandishi haya yametoka kwa chombo kama yeye.

Ndege ilipita, ikaenda zake. Mkaguzi akaandika: Bwana Mwenzangu, nina heshima ya kukukumbusha kwamba mwaka ule ulikuwa hujazaliwa. Collègue akaomba radhi hapohapo na kusema kwamba bwana ana haki kabisa. Mkaguzi aliitazama simu kama mtu anayemtazama mkwe aliyelewa.

"Muntu gani anaitikaka ndiyo kila mara?" aliniuliza.

"Siye bote, Papa Inspecteur. Mbele yako."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda ni njaa ya safari. Hakunikaripia. Aliingia ndani, akakaa muda mrefu, akatoka na karatasi na kuandika barua ya kufuta mstari wake. Kurasa nne, kwa mkono, kwa Kifaransa chake chote, na akampa mpwa wake aichape vizuri na kuipeleka kamati. Nililala kwa shangazi yangu nikiwa na matumaini. Nilimwambia shangazi kwamba mwaka huu watoto wangu wataona moyo unavyopiga.

Jibu la kamati lilikuja baada ya siku tatu, na Mkaguzi akaniita. Alikuwa amesimama barazani, karatasi mkononi. Kamati ilimshukuru, lakini ilisema barua yake ina dalili zote za kuandikwa na mashine, hasa mahali pa "il sied de noter", na ilimwomba kwa unyenyekevu aandike mwenyewe.

"Miye?" alisema. "Miye njo machine? Miye mwenye nilivuka mayi na bahasha juu ya kichwa?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilicheka. Nilijaribu kuzuia nikashindwa, nikacheka mpaka nikashika ukuta, na mke wake akachungulia dirishani akidhani kuna aliyekufa. Nilipopata pumzi, nikamwambia alichouliza Mwansa, kwamba mashine hiyo wanayosema tunayo iko wapi, na kwamba wawili walitazama kabatini. Sikumwambia kwa ukali. Kicheko kilikuwa kimeniishia.

Akakaa chini. Akaniuliza Mwansa ni yupi. Nikamwambia ni yule aliyeandika juu ya moyo, yule ambaye insha yake aliichapa mchana kutwa kwa kidole. Akasema anamkumbuka, kwamba alipokuwa akichapa alifika kwenye moyo ule uliofutwa ubaoni akasimama kidogo, akawaza kwamba mashine hii imeendelea sana mpaka inajua kusikitika.

Ile kesho yake alivaa koti tukaenda wote ofisini kwa kamati. Karani alikuwa kijana mwenye adabu na kucha safi.

"Papa, bilombo bilishatoka," alisema, yaani vifaa vyenyewe. "Balibipeleka siku ya kwanza ya juma, ku shule ya mujini. Njo bilisha kufungwa."

"Nilituma barua."

"Tulipata barua, papa. Lakini tulisema tungoje ile yako mwenyewe."

Kurudi tulipita kwa miguu barabara ya uwanja wa ndege, naye akasimama mbele ya shule ile ya mjini. Paneli zilikuwa juu ya paa, mpya, zinang'aa. Kando yake zilipita nyaya za umeme, nene, zinaingia shuleni kwa mikono miwili. Ndani watoto walikuwa wakicheza mpira. Mkaguzi alitazama kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Nilidhani atasema msemo. Nilikuwa tayari kumchukia kwa msemo huo.

"Lori ya Kilwa inatokaka siku gani?" aliuliza.

"Papa Inspecteur, barabara iko mubaya. Na magoti yako."

"Miye njo niliandika. Miye njo nitasema."

Tulisafiri siku tatu. Alitapika mara mbili, na mara zote mbili alilaumu dereva. Tulipofika hakupumzika. Alienda moja kwa moja darasani, vumbi kichwani, akasimama mbele ya wanafunzi kumi na wanane ambao walisimama wima kwa hofu, maana walidhani watakaririshwa. Aliwaambia wakae. Hakuongea Kifaransa. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiongea Kiswahili na wanafunzi darasani. Alikuwa anakipigia faini.

"Batoto," alisema. "Miye njo mwenye niliandika asema munaandikishaka machine. Nilikosa. Mulifanya kazi benyewe. Machine haikuandika ata neno moja. Nilikuya kubaambia, juu haiko muzuri mukubwa kusema uongo na kunyamaza."

Walitazamana. Sikujua walitarajia nini, ila kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kumcheka. Mwansa aliinua mkono.

"Papa Inspecteur, ile machine, banasemaka inajua bintu byote?"

"Banasema vile."

"Na weye ulisoma yetu, ukaona asema ni yeye aliandika."

"Ndiyo."

"Basi kama tuliandika sawa machine, na machine hatuna, si njo kusema tulishinda?"

Mkaguzi alipitisha macho juu yao wote, mmoja mmoja, benchi kwa benchi, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu nimjue.

"Mulishinda," alisema.

Darasa lililipuka. Walipiga makofi, wakapiga meza, waliokaa mbele wakakumbatiana, na hata mimi niliyejua yote nilijikuta napiga makofi. Mkaguzi alisimama katikati ya kelele zile bila kunyamazisha mtu. Kisha Kabange, kijana wa benchi la nyuma ambaye muhula mzima hakuwa amesema neno, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi bilombo bitafika siku gani?"

Makofi yalikatika. Mkaguzi akanitazama, nami nikamtazama yeye. Na wale kumi na wanane wakafungua madaftari yao, wakashika kalamu, wakangoja tuwaandikishe tarehe.